Sauti ya Bi Mwanasha Si Mali ya Ofisi

"Jina sikumpa," Festus akaniambia. "Nilimpa sauti tu."

Alisema hayo akipangusa miwani kwa ncha ya tai, kama mtu aliyeulizwa saa. Mimi nimesimama mbele ya meza yake, mtoto mgongoni, leso imelowa jasho, nimetoka Likoni moja kwa moja. Huko nilimwacha Bi Mwanasha, muuza samaki, akimwaga karai zima la changu walioharibika kwa sababu kiwanda cha barafu kilikataa kumuuzia. Kilimkataa kwa kuwa mwenye kiwanda alisikia maneno ambayo Bi Mwanasha aliniambia mimi, peke yetu, baada ya mimi kumwahidi kwamba hayatoki. Na aliyempelekea mwenye kiwanda maneno hayo ni bosi wangu, Festus, huyo huyo wa miwani.

Sauti tu! Pale Likoni jina la Bi Mwanasha hulijua mumewe na karani wa kura. Sauti yake huijua kila mtu, hata paka. Akinadi samaki chini ya barabara, walio juu ya barabara huanza kumenya vitunguu.

Mtoto akaanza kulia. Nikamfungua mgongoni, nikamketisha mezani, juu ya karatasi za Festus.

"Nishikie," nikamwambia.

"Dama, unafanya nini?"

"Nishikie mtoto. Nataka mikono yote miwili."

Akamshika makwapani, kwa mbali, kama mtu ashikavyo papai bovu. Nikavua kadi ya kazi shingoni. Nikatoa simu ya ofisi, ile tunayorekodia wateja. Nikatoa na ufunguo wa choo, maana ofisi yetu choo hufungwa kama benki. Nikavipanga vyote mbele yake. Kisha nikamchukua mwanangu, ambaye alikuwa ameshaacha alama yake juu ya karatasi, nikatoka.

Basi ndivyo nilivyostaafu. Watu hucheka nikisema nimestaafu ilhali mtoto wangu hajaota hata meno ya juu. Na wacheke. Kazi niliyoifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne siifanyi tena, na kwa Kiswahili cha kwetu Mtopanga huko ni kustaafu. Nawaandikia nyinyi wasichana mlioachiwa viti vyetu. Someni hata kama Festus amewakataza. Hasa kama amewakataza.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu anataka kununua biashara ya mwenzake. Mashine anaziona, jengo analiona, hesabu anaonyeshwa. Asichokiona ni moyo wa mteja: kesho atarudi, au anangoja tu mlango mwingine ufunguke aende zake? Basi mnunuzi anaileta kazi kwenye ofisi yetu ya Changamwe, nasi twaenda kuzungumza na wateja kabla hajatia saini. Mdomo, miguu na masikio. Viatu vya visigino mwaweza kuviacha nyumbani.

Siku ya kwanza nilitumwa Kisauni, kwa maduka yanayouza mkate wa kiwanda fulani cha mikate. Nilipewa karatasi ya maswali. Nikauliza duka baada ya duka, "Je, umeridhika na huduma?" Kila mmoja akanijibu kwa upole, "Hawana neno." Wengine wakaongeza, "Alhamdulillahi, hawana neno." Nikarudi ofisini nimefurahi kama niliyeshinda kura, nikamwambia Bi Rukia kwamba kiwanda kile ni cha malaika.

Bi Rukia ndiye aliyenifunza kazi. Ni mtu wa Jomvu Kuu, wa zile nyumba za kale karibu na msikiti, na Kiswahili chake ni cha huko. Alikuwa akila boflo kwa chai. Akaiweka chini.

"Hawana neno, ati? Mwanangu, wewe ushaona maiti akiswaliwa? Huulizwa watu mbele ya jeneza, mwasemaje juu ya huyu? Hujibu nini?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Ushasikia hata siku moja mtu akajibu, alikuwa mwizi wa kuku?"

"La, Bi Rukia."

"Basi na hao wamekiswalia kiwanda. Mtu wa pwani hamharibii mwenziwe riziki mbele ya mgeni. Kwake ni dhambi. Usimuulize kwa ndia hiyo."

Njia yake ilikuwa nyingine. Alinirudisha Kisauni kesho yake, akafuatana nami. Kwanza akanunua kitu, hata kiberiti. Kisha salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu: hali, watoto, mgonjwa, mvua. Mwisho ndipo alipomuuliza mwenye duka, "Hebu nambie. Binti yako akifungua duka lake kesho, wampeleka achukue mkate wapi?"

Yule mzee aliyeniambia hawana neno akaruka kitini. "Binti yangu? Kwa hawa? Staghfirullah! Mkate waja saa nne, watoto washaenda skuli!"

Hilo ndilo swali, wasichana. Mtu atamstahi jirani, atamstahi tajiri, lakini mwanawe hawezi kumpoteza njia ili amstahi mtu. Halikuwa kwenye karatasi ya maswali na natumaini Festus hatalitia, maana likiandikwa mtalisoma kama tangazo, na watu watawajibu kama tangazo.

Nilijifunza mengine kwa kuumia. Mwenye biashara akikupa yeye majina ya wateja wa kuuliza, jua amechagua. Kule Miritini, karibu na stesheni ya treni, kulikuwa na gereji ya malori ikiuzwa. Mteja wa kwanza niliyeelekezwa alimsifu mwenye gereji hadi akamwita ami. Wa pili naye akamwita mjomba. Wa tatu nilimuuliza mapema, "Na wewe ni nani wake?" Akasema ni mkwe. Tokea siku hiyo nawatafuta walioondoka. Aliyehama ana ulimi mwepesi, hana cha kuogopa.

Madereva wa malori nao wana lugha yao. Kijana mmoja wa bara alimwambia Bi Rukia, "Hao wasee wako fiti, mathe." Bi Rukia akanigeukia. "Fiti ni nini, yuwasifu ama yuwatukana?" Nikamwambia yuwasifu. "Basi muulize ana binti," akasema. Kijana akasema hana hata mke. "Basi huyu hafai," akasema Bi Rukia, akaenda zake kununua ndizi.

Nilipojifungua nilidhani kazi imekwisha. Bi Rukia akaniambia nirudi na mtoto. "Ukienda na kadi, watu huona serikali. Ukienda na mtoto, hukupa kiti." Ilikuwa kweli. Nimefanya kazi nikinyonyesha jikoni kwa watu, sebuleni, hata ndani ya kontena la duka la rangi. Hakuna mwanamume ofisini aliyewahi kukaribishwa ndani ya kontena hilo.

Sasa habari ya simu. Bi Rukia hakuipenda kabisa. Alikubali turekodi kwa sababu kichwa cha mtu husahau, lakini aliweka sharti: umrekodi mtu baada ya kumwambia, usikilize, uandike bila jina, kisha ufute siku hiyo hiyo. Tulipoandika, mtu alikuwa "muuza duka mmoja wa Kisauni" na basi. Hata baina yetu hatukutajiana majina. Magoti yalipomshinda Bi Rukia akaenda kupumzika kwao Jomvu Kuu, na Festus akaletwa kuwa meneja. Festus akasema hakuna kufuta. Kila sauti ikae kwenye kompyuta ya ofisi, kwa ajili ya ubora wa kazi. Nikamuuliza ubora gani. Akaniambia nihudhurie semina. Semina yenyewe haijaitishwa mpaka leo.

Ndipo ikaja kazi ya barafu.

Kuna mwanamke mmoja mwenye magari ya mizigo, alitaka kununua kiwanda kimoja cha barafu pale Changamwe. Mwenye kiwanda ni mzee anayeitwa Badi. Mauzo yake yalikuwa yamepanda vizuri, na bei aliyoitaka ilipanda nayo. Nikatumwa kwa wateja. Nikamwona mpishi wa harusi Kisauni: hawana neno. Nikawaona wauza juisi Miritini: hawana neno. Nikavuka feri kwenda Likoni kwa mama karanga, wale wanawake wetu wa samaki, wanaouza wabichi asubuhi na kukaanga waliobaki jioni. Bila barafu, mchana wote ni wa inzi.

Bi Mwanasha si jina lake, jina hili nimempa mimi na amelipenda, hivyo Likoni msihangaike kumtafuta. Bi Mwanasha alikuwa akipara magamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mlete huyo mtoto asije akapigwa na jua. Wanunua, au waja kuniuliza maswali kama yule wa mikopo?"

"Nanunua kwanza."

Akacheka. Nikanunua tafi wawili. Nikamweleza kazi yangu, bila kuficha kwamba kiwanda kinauzwa. Kuhusu barafu akasema nilivyotarajia: hawana neno. Nikamuuliza la binti.

Alikuwa naye binti, kweli, amemaliza shule na alikuwa anataka kuanza kuuza samaki upande wa pili wa barabara. Bi Mwanasha akaacha kupara. Akaufuta ule upanga wake mdogo wa kuparia kwa leso, pande zote mbili.

"Jina langu hutalitia?"

"Silitii."

"Apa."

"Naapa kwa huyu mtoto—"

"A-a! Mtoto haapiwi. Sema tu kwa mdomo wako."

"Haitoki, Bi Mwanasha. Nakurekodi nisisahau, lakini haitoki."

Akaniamini. Akaniita nyuma ya kibanda, akainua gunia, akanionyesha pande la barafu lililofika asubuhi ile. Akalipiga kisu kimoja. Likapasuka, na katikati yakamwagika maji.

"Waona? Halijashika moyo. Zamani pande moja lilinifikisha alasiri. Tangu Badi aanze kusema yuwauza kiwanda, huyatoa mapande kwenye vyuma vya kugandishia kabla hayajaganda. Saa tano limekwisha, nanunua jingine. Sote hapa twanunua mara mbili."

"Na mbona hamuendi kwingine?"

"Gari la nani jingine lavuka feri alfajiri na barafu? Nitajie, nikuozeshe mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa mauzo ya Badi yalivyopanda. Barafu haikuwa inapendwa zaidi. Ilikuwa inayeyuka upesi zaidi. Hakuna karatasi ya hesabu ambayo ingemwambia mnunuzi hilo. Mteja peke yake ndiye angesema, na mteja mmoja amesema. Niliporudi kwa mpishi wa harusi na wale wa juisi nikawauliza la binti, nao wakanionyesha mapande yenye maji. Wallahi nilijiona nimefika. Nikaandika ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. "Muuza samaki mmoja wa Likoni," nikaandika, na basi.

Festus akaisoma, akasema ni nzito. Akasema lazima mwenye kiwanda apewe nafasi ya kujibu. Nikamwambia ajibu hoja, barafu ni yake, aipasue aone. Akaitikia kwa kichwa. Kumbe Badi alikuwa amemuahidi kwamba akishauza kiwanda atanunua biashara nyingine, na kazi ya kuuliza wateja itakuja kwetu. Hayo nimeyajua baadaye, kwa mdomo wa Festus mwenyewe, aliyedhani ananieleza jambo la busara. Akachukua sauti ya Bi Mwanasha kwenye kompyuta, akamtumia Badi kwa simu.

Sikujua. Wiki hiyo nilivuka kwenda Likoni kwa mambo yangu, nikapita kumsalimu. Nikanusa kabla sijafika.

Mwenzake wa kibanda cha pili ndiye aliyenisimulia, kwa sababu Bi Mwanasha hakutaka kunitazama. Gari la barafu lilikuja alfajiri kama kawaida, likawashushia wote, likampita. Alipokimbilia dirishani, dereva akamcheka. "Tajiri asema barafu yetu ina maji katikati. Tafuta yenye moyo." Siku ya kwanza aliazima vipande kwa wenzake. Siku iliyofuata wenzake wakaambiwa atakayemgawia naye atapitwa. Binti yake alikuwa ameshaweka meza yake upande wa pili. Ikabaki meza.

Nikainama nimsaidie karai. Akaliondoa mkononi mwangu taratibu.

"Bi Mwanasha, sikusema. Wallahi sikusema."

"Badi aliniigiza hadi kukohoa kwangu," akasema. "Alikuja mwenyewe na gari lake, akafungulia simu watu wasikie."

"Nitafanya nini, Bi?"

Akamwaga samaki. Akasuuza karai. Kisha akaniambia kwa upole ule ule wa kila mteja niliyewahi kumuuliza, "Hawana neno, mwanangu. Waandike hivyo."

Nikapanda feri. Yaliyotokea ofisini mmeshayasoma.

Nilipotoka kwa Festus sikwenda nyumbani. Nilikwenda Jomvu Kuu. Bi Rukia alikuwa kibarazani, miguu juu ya mto. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sauti imepanda, majirani wametulia kusikiliza. Alipoona nimemaliza akauliza, "Sasa wataka kulia, ama wataka karani wa mashitaka?"

"Karani."

"Basi kaa umnyonyeshe mtoto kwanza. Mashitaka ya njaa huandikwa vibaya."

Akanikumbusha ambalo kwa hasira nilikuwa nalipita: nikishitaki kwa jina la Bi Mwanasha bila kumuuliza, nami nitakuwa nimefanya ya Festus. Kwa hivyo asubuhi nikavuka tena. Nilimkuta akipaka chumvi samaki kufanya ng'onda wa kukausha juani, maana wa barafu hawezi tena. Nikamwambia kuna ofisi ya serikali inayolinda habari za watu, nataka kwenda, je, ananiruhusu?

Akafikiri huku mikono ikifanya kazi.

"Sauti yangu washaichukua. Na jina nalo nilipeleke?"

"La. Nataka kuandika langu."

"Andika lako. Langu likitakikana nitalipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu. Na wataisikia hiyo sauti bila simu."

Mnunuzi nilimpigia siku hiyo hiyo. Festus alikuwa ameiondoa sehemu ya barafu yenye maji kwenye ripoti kabla ya kumkabidhi. Sikumtajia mteja hata mmoja. Nilimwambia tu asimame alfajiri pale gari linaposhusha, achague pande lolote mwenyewe, alipige kisu. Alinishukuru kwa sauti ya mtu anayetafuta kiatu. Akienda, asiende, mimi langu nimesema.

Kisha nikaenda mjini, kwenye ofisi yenyewe. Nilifikiri nitapigwa danadana. Niliambiwa nikae, nikakaa. Niliambiwa nirudi kesho, nikasema mtoto ameshalala na nikimwamsha atalia humu ndani, basi karani akavuta kiti. Akaniambia niandike kwa maneno yangu. Nikaandika haya, na nakala ninayo:

"Mimi, Dama, mkazi wa Mtopanga, Kisauni, nalalamika rasmi dhidi ya ofisi iliyokuwa imeniajiri, iliyopo Changamwe, na dhidi ya meneja wake.

Katika kazi niliyotumwa na ofisi hiyo, nilimrekodi mteja wa kiwanda cha barafu baada ya kumwahidi kwamba maneno yake hayatafika kwa mwenye kiwanda. Ahadi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo hakuna mteja anayesema kweli, na anayenunua ananunua gizani. Meneja alichukua sauti hiyo bila idhini ya mteja wala yangu, akampa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda aliwasikilizisha watu sauti hiyo hadharani, na tangu hapo anamnyima mteja barafu, na biashara yake na ya bintiye imesimama.

Meneja anajitetea kwamba hakutoa jina. Naomba ofisi yako isiukubali utetezi huo. Sauti ya mtu anayeishi kwa kunadi ni jina lake.

Naomba sauti hiyo ifutwe kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye simu ya meneja na kwenye simu ya mwenye kiwanda, na mteja aonyeshwe kwa macho yake kwamba imefutwa. Naomba sauti za wateja wengine wote zilizohifadhiwa humo zifutwe pia, maana nao waliahidiwa, na wengi wao niliwaahidi mimi. Naomba mteja huyu auziwe barafu kama wenzake. Naomba aombwe radhi pale pale Likoni alipodhalilishwa, na si kwa barua.

Sitaji jina la mteja kwa sababu hajaniruhusu. Yuko tayari kuja mwenyewe akiitwa."

Karani akaisoma mpaka mwisho. Akafika pale chini, penye jina langu. "Dada," akasema, "ukitaka, jina lako tunaweza kulificha. Wengi huficha. Hii Mombasa ni ndogo, na kazi utatafuta tena."

Miaka yote hii nimeficha majina ya watu. Nikamwomba kalamu tena, nikaongeza mstari mmoja chini ya saini, nao ndio wa mwisho katika malalamiko yangu:

"Mlalamikaji hataki jina lake lifichwe."